Dereva Wangu Hajawahi Kushinda Dakar

Anayetaka kufuatilia mbio za Dakar kwa kumtazama anayeongoza atachoka siku ya tatu. Majina ni mengi, mikondo, yaani vipande vya mbio vya kila siku, ni mirefu, na aliyelala wa kwanza leo kesho analala wa tisa. Njia ni moja tu: chagua dereva mmoja kabla mbio hazijaanza, kisha mng'ang'anie kama kupe hadi siku ya mwisho, ashinde asishinde. Mimi nilimchagua Sébastien Loeb, Mfaransa wa Alsace, bingwa wa dunia wa rali mara tisa mfululizo, kuanzia 2004 hadi 2012. Wanaoujua mchezo huu wameshaanza kucheka. Loeb ameshinda karibu kila kitu chenye usukani, ila Dakar imemkatalia. Amekuwa wa pili 2017, wa pili 2022, wa pili tena 2023. Wa tatu amekuwa 2019 na 2024. Miaka mingine gari limezama, limepinduka au limegoma tu.

Jirani yangu ni mtu wa Nasser Al-Attiyah, yule Mqatari ambaye asipokuwa jangwani hulenga shabaha. Ana hata medali ya shaba ya Olimpiki ya London 2012 katika mchezo wa bunduki. Kila Januari jirani huyu hunisalimia getini kwa maneno mawili: "Mzee, amezama?" Na mara nyingi, kusema kweli, jibu huwa ndiyo.

Hata hivyo nashikilia kwamba ninazifaidi mbio hizi kumshinda yeye. Hadithi ya mshindi wa Dakar ni fupi: gari lilistahimili, mwelekezi hakupotea, basi. Ukimfuata anayeshindwa ndipo unapoonyeshwa jangwa lenyewe, limejaa mawe ya aina gani, mchanga wake unameza vipi, na saa moja iliyopotea siku ya pili inamtesa mtu kwa muda gani. Nina jambo la pili, ambalo huenda likawaudhi wapenzi wa Safari Rally ya leo. Ile Safari tuliyosimuliwa na wazee wetu, ya Pasaka, ya matope na ya kukesha, haiko Naivasha inakofanyika siku hizi. Kilichobaki cha roho yake kimehamia Saudi Arabia, kinakimbizwa na watu ambao wengi wao hawajui kilianzia wapi.

Nianze na kile Loeb alichonyang'anywa. Katika rali za kawaida, siku chache kabla ya mashindano, dereva na mwelekezi wake huruhusiwa kuipita kila barabara mara mbili kwa mwendo wa taratibu. Dereva anataja anachokiona, mwelekezi anaandika: kona ya kulia, kali kiasi gani, mbele inafunguka au inabana, ndani yake kuna jiwe, usiikate. Siku ya mashindano maandishi hayo yanasomwa kwa sauti ndani ya helmeti, na dereva anatangulia kusikia barabara kabla ya kuiona. Hapo ndipo Loeb alipokuwa mfalme. Yeye na Daniel Elena wa Monaco, waliokaa pamoja kwa ubingwa wote tisa, walikuwa wakiingia kona wasiyoiona kwa mwendo ambao wenzao waliogopa kuutumia hata pale walipoona.

Jangwani hayo yote hayapo. Hakuna anayeruhusiwa kupita kabla. Kilichopo ni kitabu cha njia. Zamani kilikuwa cha karatasi, mwelekezi akikipokea jioni na kukesha akikipaka kalamu za rangi hemani. Siku hizi kimo kwenye kishikwambi kilichofungwa kwenye dashibodi, na hufunguliwa asubuhi muda mfupi tu kabla ya kuondoka. Ndani yake kuna umbali, kichoro kidogo, nyuzi za dira, na alama za mshangao za kuonya hatari: moja, mbili, au tatu. Ukiona tatu, punguza mwendo kwanza, maswali baadaye. Kati ya kichoro kimoja na kinachofuata kunaweza kuwa na kilomita kadhaa za mchanga mtupu zisizo na njia, na kazi yako ni kushika nyuzi ulizopewa na kutafuta nukta iliyofichwa ambayo kifaa cha waandaaji hakiionyeshi mpaka uikaribie. Ukiikosa, unaadhibiwa kwa dakika. Simu yenye ramani hairuhusiwi kabisa.

Kwa hiyo bingwa wa kusikia barabara aliingia katika mchezo ambao hakuna anayeweza kumsomea. Alipojitokeza mara ya kwanza, mwaka 2016, akiwa na Peugeot huko Argentina na Bolivia, njia za siku za mwanzo zilikuwa za changarawe zinazopindapinda, na Loeb akawafundisha watu adabu. Alishinda mikondo, akaongoza, magazeti ya kwao yakaanza kuandika kwamba kumbe Dakar ni rahisi. Kisha ukaja mchanga na makorongo makavu. Gari likabingirika, saa zikapotea, akamaliza wa tisa. Mwaka uliofuata alikosa taji kwa dakika 5 na sekunde 13 tu, nyuma ya Stéphane Peterhansel waliyekuwa naye timu moja. Peterhansel ana mataji 14 ya Dakar, sita kwa pikipiki na manane kwa gari, na alianza kuishi na jangwa wakati Loeb bado ni kijana wa jimnastiki huko Haguenau.

Mwaka 2018 ndio ulionifanya niwe shabiki wa kudumu, na huo ndio mwaka ambao hakumaliza. Ilikuwa Peru. Mchanga wa Peru ni mwepesi kiasi kwamba gari zito likisimama tu limekwisha kuanza kushuka. Loeb alivuka ukingo wa mlima wa mchanga, gari likatumbukia katika shimo upande wa pili, Elena akaumia, na mbio zao zikaishia hapo. Unaweza kusema ni ajali ya kawaida. Lakini itazame kwa karibu. Ili kupanda mlima wa mchanga unahitaji kasi, la sivyo magurudumu yanachimba na unakwama katikati. Ukifika ukingoni unatakiwa kuachia mafuta wakati uleule gari linapoanza kulala mbele: ukiachia mapema, tumbo la gari linakalia ukingo na magurudumu yanazunguka hewani, ukichelewa, unaruka kwenda usikokujua. Na uamuzi huo unaufanya ukitazama bonde ambalo, jua likiwa utosini, halina kivuli hata kimoja, kila kitu kinaonekana tambarare. Asubuhi na jioni mchanga una kivuli, mtu anaona mteremko uko wapi. Saa sita mchana anakisia.

Tusidhani ni ugeni wa Loeb tu. Mwaka 2023, magari mawili ya Audi, la Peterhansel na la Carlos Sainz, yaliumia siku moja, mahali pamoja, kwenye mchanga uleule. Mataji 17 ya Dakar yalikuwa ndani ya magari hayo mawili.

Aliyewahi kukwama Chalbi, au hata kwenye mto mkavu njia ya Lodwar, anajua kinachofuata gari likizama. Unashuka, unapunguza upepo wa tairi ili zitandaze, unachimba kwa koleo na mikono nyuma ya kila gurudumu, unaweka mabati, unatia jeki ambayo nayo inazama, unaanza upya. Tofauti ni kwamba Loeb na mwelekezi wake wanafanya hayo wakiwa na nguo nene za kuzuia moto, joto likipanda, huku wapinzani wao wakipita pembeni na kuwatimulia vumbi.

Sasa kuhusu kufuatilia kwenyewe. Tangu mbio zihamie Saudi Arabia mwaka 2020, sisi tumepata bahati ambayo Wafaransa hawana: saa yetu na ya Riyadh ni moja. Enzi za Amerika ya Kusini, kuanzia 2009 hadi 2019, mkondo uliishia usiku wetu, na mtu alienda kazini macho mekundu bila hata kujua dereva wake amefika. Leo Loeb akiondoka saa tatu asubuhi, ni saa tatu yangu. Ninakunywa chai naye, tuseme hivyo.

Kinachooneshwa moja kwa moja ni kidogo. Helikopta haiwezi kufuata magari yote kwa kilomita 400. Unachokipata ni muda wa kila gari katika vituo vya njiani: kilomita 40, kilomita 90, kilomita 140. Kati ya kituo na kituo hakuna kitu. Al-Attiyah amepita kilomita 140. Sainz amepita. Ekström, mpinzani mwingine, amepita. Loeb, aliyeondoka mbele ya wawili kati yao, hajapita. Zinakwenda dakika tano. Zinakwenda kumi na mbili. Hapo akili ya shabiki inaanza kazi: ikiwa ni pancha, atatokea sasa hivi, maana watu wawili waliozoea hubadilisha tairi kwa dakika mbili tatu. Ikiwa amepotea, dakika kumi. Ikiwa ni gia au mkono wa gurudumu, tusubiri chakula cha mchana. Mchezo wa mpira unakupa kila kitu usoni na hauachi nafasi ya kuwaza. Huu unakupa namba moja kila baada ya nusu saa na kukuachia mengine uyajaze mwenyewe, na nadhani ndiyo sababu mashabiki wake, wachache walivyo, wanaongea sana.

Waandaaji wanajitahidi kila mwaka kutuonyesha zaidi, kamera zaidi, ramani zenye nukta zinazotembea. Mimi ningewaambia waache hapo walipofika. Siku nitakayoona kila mlima wa mchanga kutoka kiti changu, sitakuwa na haja tena ya kujua Loeb yuko wapi.

Jambo zuri kuliko yote waliyobuni miaka ya karibuni limekwenda kinyume kabisa na kamera. Mwaka 2024 waliingiza mkondo wa saa 48 ndani ya Rub' al Khali, jangwa kuu la kusini mwa Arabuni. Ilipofika saa kumi jioni, kila dereva alilazimika kusimama katika kambi ndogo iliyofuata njiani, popote alipokuwa. Hapakuwa na mafundi wala meneja wa timu. Hapakuwa na simu. Alipewa hema na chakula cha kijeshi, akatengeneza gari kwa vifaa alivyobeba, na akalala bila kujua wenzake waliosimama katika kambi nyingine wako mbele au nyuma yake kwa kiasi gani. Usiku ule mimi nilikuwa na nyakati zote mkononi, na Loeb hakuwa nazo. Kwa mara moja katika maisha ya shabiki, nilijua hali ya mashindano kuliko dereva wangu. Kesho yake alimaliza na kuushinda mkondo huo. Kilichomkosesha taji mwaka ule kilikuja baadaye, siku moja kabla ya mwisho: jiwe likavunja upande wa mbele wa gari, zaidi ya saa moja ikayeyuka, na Sainz akachukua taji lake la nne. Loeb akawa wa tatu.

Kuna kanuni moja ya Dakar ambayo asiyeielewa ataona madereva ni wendawazimu. Anayeshinda mkondo wa leo, kesho kwa kawaida ndiye anayetangulia kuondoka katika magari. Kutangulia jangwani ni adhabu. Wanaokufuata wanaona alama za tairi zako. Wewe huna cha kufuata, na ukikosea njia unawaonyesha wenzako mahali pa kutokwenda. Ndiyo maana utaona dereva mkubwa anapunguza mwendo karibu na mwisho wa mkondo, kwa makusudi, ili kesho aondoke wa sita au wa nane. Al-Attiyah anaifanyia hesabu hii hadi sekunde ya mwisho. Loeb huielewa vizuri tu, lakini mguu wake wa kulia hauipendi.

Mwaka 2023 ulionyesha hilo hadi likawa kioja. Siku ya pili, wakielekea AlUla, njia ilikuwa ya mawe makali. Loeb alipata pancha baada ya pancha hadi akiba ikaisha. Gari la Dakar si lori, linabeba tairi chache tu, na zikiisha unabaki kumsubiri mwenzako wa timu atokee nyuma na kukupa yake. Zaidi ya saa nzima ikapotea, na siku hiyohiyo Al-Attiyah akashinda mkondo. Kwa hesabu ya kawaida mbio zilikuwa zimekwisha kabla hazijachemka. Dereva mwingine angeendesha polepole, akusanye uzoefu, arudi nyumbani. Loeb akaanza kushinda. Kuanzia mkondo wa nane alishinda mikondo sita mfululizo, akavunja rekodi ya mitano iliyowekwa na Ari Vatanen mwaka 1989. Kila asubuhi alitangulia, akifungua njia, na kila jioni alikuwa wa kwanza tena. Mpaka wanafika Dammam alikuwa bado nyuma ya Al-Attiyah kwa saa 1, dakika 20 na sekunde 49.

Jirani yangu alisema mbele ya watu: "Bwana, sita zote hizo za nini?" Swali halali. Al-Attiyah hakuwa na haja ya kumfukuza, alikuwa akilinda akiba yake kama inavyopaswa, na hakuna anayempunguzia sifa kwa hilo. Lakini nikiulizwa ni nani aliyeendesha gari vizuri zaidi Januari ile, sitafikiri mara mbili. Jedwali la mwisho la Dakar linakuambia nani hakupata siku mbaya. Halikuambii nani alikuwa bora siku nyingine zote.

Nilitaja Vatanen, na ndipo tunapofika nyumbani. Mfini huyo alishinda Safari Rally mwaka 1983 kabla ya kwenda kushinda Dakar mara nne. Ile Dakar ya 1989 aliyowekea rekodi, bosi wa Peugeot, Jean Todt, alirusha sarafu kuamua kati yake na Jacky Ickx, asije akapoteza magari yote mawili yakikimbizana. Mwaka mmoja kabla, gari lake liliibwa usiku huko Bamako, likapatikana wakati muda wa kuondoka umeshapita, akafukuzwa mashindanoni, na taji likaenda kwa Juha Kankkunen. Kankkunen huyo tunamjua: alishinda Safari 1985, 1991 na 1993. Timu za Ulaya zilikuwa zikituma jangwani watu waliokwisha kufundishwa na barabara zetu.

Walifundishwa nini? Kwamba kumaliza ni kazi. Safari ilianza 1953, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, umbali wa maelfu ya kilomita, mchana na usiku. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na saba yakarudi. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yaliyomaliza yalikuwa saba vilevile. Wageni walikuja na magari ya fedha nyingi wakaondoka kwa ndege, mpaka Hannu Mikkola alipokuwa wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, mwaka 1972. Joginder Singh alishinda mara tatu. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, na ule ushindi wake wa kwanza, wa 1973, alilingana pointi na Msweden Harry Källström hadi ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mehta naye alivutwa na jangwa. Ajali ya Misri mwaka 1987, katika mbio za Mafarao, ndiyo iliyomwondoa kwenye usukani.

Tazama Safari ya sasa. Tangu irudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 imetupa Naivasha iliyojaa watu, imetupa Kalle Rovanperä, mtoto wa Harri aliyekuwa wa pili hapa 2002, na vumbi la Kedong, lile jepesi kama unga ambalo watu wa Dakar nao hulilaani kila mwaka. Sina ugomvi nayo. Lakini mashindano yenyewe ni kilomita 350 hivi, zimepitwa mara mbili kwanza, zimeandikwa kona kwa kona, na Jumapili jioni kila mtu yuko barabarani kurudi Nairobi. Dakar ni karibu kilomita 5,000 za ushindani kwa wiki mbili kwenye njia ambayo dereva hajawahi kuiona. Mzee aliyekaa kando ya barabara mwaka 1968 akisubiri gari ambalo halikuja, akioneshwa Loeb hajafika kilomita 140, hahitaji maelezo.

Loeb mwenyewe alizigusa Safari zote mbili. Mwaka 2002, kabla hajawa mtu wa kutajwa, alikuja na Citroën Xsara akamaliza wa tano. Colin McRae ndiye aliyeshinda, na baada ya hapo Safari ikatolewa katika ubingwa wa dunia. Katika miaka yake yote tisa ya ubingwa hapakuwa na Safari ya kumpima. Alirudi 2022 na Ford Puma, miezi michache baada ya kushinda Monte Carlo akiwa na miaka 47 na kuwa mshindi mzee kuliko wote katika historia ya ubingwa huo, na hapa Naivasha mashine ikamwangusha. Huwa najiuliza angekuwa dereva gani jangwani kama angepewa Safari tano sita za zamani katika ujana wake. Nadhani angeshajifunza mapema zaidi kuishi na siku mbaya.

Siwezi kumaliza bila kusema linaloniuma. Mbio hizi bado zinaitwa Dakar, na Dakar yenyewe haijaziona tangu 2007. Mwaka 2008 zilifutwa baada ya Wafaransa wanne kuuawa Mauritania na vitisho vikafuata, na hazikurudi. Thierry Sabine aliyezianzisha, baada ya yeye mwenyewe kupotea kwa pikipiki jangwani mwaka 1977, alifia Mali kwa ajali ya helikopta mwaka 1986 pamoja na mwimbaji Daniel Balavoine. Nyuma ya majina hayo yanayokumbukwa wapo wanavijiji na watoto wa Afrika Magharibi waliogongwa kando ya njia na ambao hakuna taji lililopewa jina lao. Dunia ilipolalamika kwamba matajiri wanageuza nchi maskini uwanja wa kuchezea, ilikuwa na haki. Sasa wamehamia kwa mwenyeji anayelipa vizuri na ambaye wapinzani wake wanasema ananunua sifa kwa michezo. Nazitazama nikiyajua hayo. Ningefurahi zaidi kama angalau jina lingerudishwa kwa Wasenegali, ambao bado wanayaona magari mengine yakimalizia kwao, kwenye Ziwa Rose, katika mbio za Africa Eco Race zilizozaliwa 2009 kujaza pengo.

Na Loeb? Mwaka 2025 alikuja na Dacia, gari jipya, timu yenye nguvu, Al-Attiyah akiwa mwenzake wa timu, jambo lililotuchanganya mimi na jirani hata tukakosa la kutaniana. Siku ya tatu akapinduka. Akaligeuza gari, akalifikisha, lakini wakaguzi wakakuta kizimba cha vyuma kinachowalinda waliomo kimeharibika, wakamzuia kuendelea. Sainz naye aliondolewa vivyo hivyo mwaka uleule. Taji likaenda kwa Yazeed Al-Rajhi, Msaudi wa kwanza kulitwaa kwa gari. Nilikubaliana na wakaguzi. Kizimba kikipinda hakina mjadala. Jirani alinishika mkono bila kusema chochote, nikajua ananionea huruma, na huruma ya mtu wa Al-Attiyah ni kitu kizito kubeba.

Anachoniuliza siku hizi ni lini nitabadilisha dereva. Wapo vijana wazuri, kweli. Lakini Carlos Sainz alishinda Dakar ya 2024 akiwa na miaka 61. Loeb amezaliwa Februari 1974. Jirani ni mwalimu wa hesabu, hiyo nimemwachia apige mwenyewe.